Jina Lililoitwa Kule Kahuzi

Mwaka ule serikali ilipotukataza majina ya ubatizo ya Kizungu, walimu wa shule yetu ya Bukavu tulipelekwa kupanda mlima Kahuzi, kwenda na kurudi siku moja. Aliyetuongoza alikuwa Bahizire, katibu wa chama shuleni, ambaye zamani sote tulimwita Gaston. Mwalimu aliyetamka jina la zamani mbele yake aliandikiwa ripoti, na wawili walikwisha kufukuzwa kazi.

Mdogo wangu Virginie, mwalimu wa darasa la kwanza, alikuwa amejiandikisha kwa jina la marehemu nyanya yetu, Nsimire.

Tulivuka msitu wa mianzi bila taabu. Kisha njia ikasimama wima, miamba ikiteleza, tukawa tunapanda kwa mikono na magoti.

"Citoyen Bahizire," akatania mwalimu wa hesabu, kwa neno tulilolazimishwa kutumia badala ya bwana, "kule juu kuko bar?"

"Kuko hewa ya bure. Panda!"

Virginie akainama kufunga kamba ya kiatu. "Tangulia, yaya," akaniambia mimi dada yake mkubwa. "Niko nakuja."

Ukungu ukashuka ghafla. Nilipogeuka, sikumwona. Upande wa kushoto kulikuwa na genge ambalo hatukuuona mwisho wake hata jua lilipowaka.

"Nsimire!" tukaita. "Nsimire ee!"

Jabali likaturudishia jina lile kwa sauti isiyo yetu. Kisha jiwe likaporomoka chini yetu, na jingine, mbali zaidi kidogo. Alikuwa hai, naye alikuwa akitukimbia.

Hapo nikaelewa. Nyumbani hakuna aliyemwita Nsimire. Wanafunzi walimwita maman mwalimu. Kwake yeye, Nsimire alikuwa mzee tuliyemzika Kalehe, yule yule aliyetufundisha tusiitikie sauti ya mlimani ambayo mwenyewe hatumwoni. Sasa Virginie alikuwa akisikia miamba ikimwita marehemu.

Nikafungua mdomo niite. Bahizire akanitazama kana kwamba amekwisha kusikia nililotaka kusema.

"Citoyenne, ile jina ingine, usiitaje hapa. Watu wote wanasikia."

"Basi andika," nikamjibu, nikapaza sauti. "Virginie! Virginie!"

Upepo ukaimeza sauti yangu. Jiwe la tatu likaanguka, nasi hatukusikia lilipotua. Nikaita tena hadi nikabaki nikikohoa. Wenzangu waliinamia viatu vyao. Kila mmoja alikuwa na watoto wa kulisha.

Bahizire akavua kofia. Akaviweka viganja mdomoni, akapiga ukelele kwa ile sauti nene ya gwaride la asubuhi:

"Virginie! Simama hapo hapo! Usikanyage! Ni sisi! Ni... ni Gaston!"

Tukangoja.

"Gaston wa wapi?" ikauliza sauti ndogo yenye kutetemeka, iliyotoka ukingoni kabisa mwa genge.

"Wa Nyawera, kule mjini Bukavu! Kaa chini, Virginie. Usisogee!"

Tukashikana mikono, Bahizire akiwa mbele, tukaanza kushuka jiwe kwa jiwe kuifuata sauti ile. Jina lililokatazwa tuliliita kwa zamu, walimu wote, tukihofia kwamba tukinyamaza atainuka.