Tundu la Shaylene

Shaylene alikuja kwenye kambi ya ukoo wao ya kutengeneza ngozi, kando ya mto, kutoka mji wa Edmonton, Kanada, akiwa na kucha za kubandika. Siku ya pili zilibaki mbili, na hakuzililia. Alikuwa ameomba ngozi akapewa, ya kulungu dume mkubwa kuliko fahali, aliyepigwa risasi na mjomba wake. Mama yake Shaylene alichukuliwa na serikali akiwa mdogo, kama watoto wengi wa wenyeji wa huko, akalelewa na watu baki. Hajawahi kuvaa viatu vya ngozi ya kwao. Shaylene alitaka kumshonea.

"Ngozi ni hii moja tu," Bibi Eulalie, fundi mkuu wa ngozi pale kambini, alimwambia. "Ukiiharibu, mama yako atavaa soksi."

Ngozi ikawambwa kwenye fremu ya miti, Shaylene akaikwangua manyoya kama mtu anayefukuzwa.

"Taratibu, binti. Mnyama ameshakufa," bibi akasema, akaenda zake kunywa chai.

Shaylene akafika tumboni, ngozi inapokuwa nyembamba. Chwaa! Tundu la kutosha kitufe cha shati.

Akatazama kushoto, akatazama kulia. Mwenye akili angesema. Yeye alitoa chingamu mdomoni, akaziba.

Sasa, ngozi huvutwa. Kesho yake waliipaka ubongo wa mnyama ili ilainike, wakaikamua, wakaishika watu wanne, kila mtu na pembe yake. Vuta! Tundu likapanua mdomo, na binamu yake Kordell akachungulia humo.

"Dada, naona mpaka kwenu mjini!"

Bibi Eulalie akabandua kile kitu cheupe, akakinusa kwa makini.

"Miaka sitini nachuna kulungu, sijapata hata mmoja anayetafuna mnanaa."

Kambi nzima ikashika mbavu. Shaylene hakucheka.

"Nimeiharibu, Bibi. Viatu vya mama ndiyo basi."

"Nani kakwambia? Kila ngozi ina tundu. Jana lilitaka mishono miwili, leo litakula kumi na tano. Kaa chini."

Akapewa sindano na uzi wa ukano. Akashona, bibi akafumua. Akashona tena, bibi akafumua tena, bila hata kuomba radhi. Mara ya tatu bibi akaipinda ngozi huku na huku, akaguna, akamrudishia bila kufumua.

Halafu wakaikunja ngozi iwe mfuko, bibi akashona ubavuni, wakaitundika juu ya magogo yaliyooza yanayofuka bila kuwaka. Moshi ukivuja, ngozi haiivi. Watu wote wakakodolea macho kiraka cha Shaylene.

Kimeziba. Hata uzi mmoja wa moshi haukupita.

Ila ubavuni, kwenye mshono wa bibi, moshi ulitoka kama mvuke wa birika.

"Bibi," Shaylene akasema kwa adabu, "kwako kunavuja."

"Ni ukungu."

"Ukungu unanuka kuni?"

Kordell akageukia mtoni mabega yakimtikisika. Bibi Eulalie akamsukumia Shaylene sindano.

"Mama yako ana mguu mkubwa?"

"Mkubwa sana, Bibi."

"Basi shona vizuri hapo. Tutahitaji ngozi yote."