Sponji Nyeusi

Nilipoinua mashine nikaona weupe. Nikadhani ni dawa ya kung'arishia imekauka, nikaufuta kwa kitambaa. Nikaufuta tena. Weupe ukabaki pale pale kwenye mkunjo wa mlango, upana wa vidole viwili. Nilikuwa nimeila rangi mpaka kwenye praima, ile rangi nyeupe ya chini. Miaka tisa nang'arisha magari ya watu, sijawahi kuila rangi ya mtu.

Gari lilikuwa la mwalimu mkuu mmoja mstaafu, la buluu iliyokolea, na mwenyewe angelifuata saa kumi. Alipolileta alikuwa amezipita gereji nne njiani, na sababu aliisema bila kuficha: alimtaka Kiganja.

Kiganja ni baba mkubwa wangu, mwenye gereji. Jina hilo alipewa na wateja kwa ajili ya sponji. Sponji tunazovalisha mashine ni za aina nyingi. Ngumu hukata mikwaruzo, laini humalizia na kuleta mng'ao kama wa kioo. Ukikosea, unaharibu. Mafundi wengi huzichagua kwa rangi: ya chungwa kazi hii, nyeusi kazi ile. Baba Mkubwa hakutaka hata kuusikia upuuzi huo. "Rangi ni mapenzi ya mwenye kiwanda," alikuwa akisema. "Kiwanda hiki nyeusi yake laini, kile nyeusi yake ngumu. Utamuuliza nani?" Yeye aliiminya sponji kwa kidole gumba, akasubiri irudi, ndipo akatamka. Mwaka wangu wa kwanza mdomo uliniponyoka nikasema, "Nipe ile ya chungwa," akanitoa nje nusu siku nzima nikaoshe matairi.

Na sheria nyingine ilikuwa hii: gari moja, mkono mmoja wa kuchagua. Akishachagua yeye, mimi siminyi. Navalisha, nawasha, nafanya kazi.

Asubuhi hiyo muuzaji wetu alikuwa ameishiwa sponji tulizozoea, akatuletea boksi la kiwanda kingine. Baba Mkubwa akalifungua, akaminya moja, akaminya nyingine, akanikabidhi nyeusi.

"Hii ya kumalizia. Laini kama shavu la mtoto."

Nilipoivalisha nilihisi ina ubishi. Nikajiambia mpya zote huwa kavu. Uongo mtupu, mkono wangu ulishajua, ila nani angembishia Kiganja? Mashine ikaanza kunguruma vibaya.

"Baba Mkubwa, mbona inanguruma?"

"Unanguruma wewe. Fanya kazi."

Katikati nikamwomba aniangalizie joto, maana bati likipata moto sana rangi inalegea. Akauweka mkono mlangoni. "Baridi kabisa. Endelea." Nikaendelea, mjinga mimi.

Sasa nilikuwa nimesimama mbele ya ule weupe. Nikaichomoa sponji, nikaiminya kwa mara ya kwanza. Haikubonyea. Ilikuwa ngumu kama soli ya kiatu.

"Nani kakwambia hii ni laini?" Nilipiga kelele. Sijawahi kumpazia sauti baba mkubwa wangu maishani, na nilishtuka mwenyewe kuisikia.

Alikuja taratibu, akijifuta kwenye aproni. Akainama, akaliona doa, uso ukamshuka. Mimi nilikuwa nimeligusa bati pembeni kwa mgongo wa kidole nikauchomoa mkono mbio, ngozi inawaka. Yeye akaweka kiganja kizima juu yake. Akakiacha hapo.

"Sielewi," akasema. "Sielewi kabisa."

"Toa mkono!"

"Kwa nini?"

Nikamkamata kifundo, nikauinua mkono wake mimi mwenyewe. Kiganja kilikuwa chekundu. Yeye hakukitazama, alinitazama mimi, kama mtu anayesubiri kuambiwa habari.

"Kuna moto?" akauliza.

Sijui nilipata wapi ujasiri, lakini nilimwambia afumbe macho.

"Unanipa mtihani? Mimi?"

"Fumba, Baba Mkubwa. Nakuomba."

Akafumba. Nikamwekea sponji mkononi, akaiminya kwa gumba, akasubiri, akasema, "Ngumu." Nikaichukua. Nikamwekea tena. Akaminya, akasubiri kwa madaha yale yale ya siku zote. "Hii ndiyo laini," akasema, na kutabasamu kidogo.

Ilikuwa ile ile moja, mara zote mbili.

Alipofumbua macho akaniona nilivyo, tabasamu likaisha. Hakuhitaji kuambiwa.

"Tangu lini?"

"Vidole, mwaka juzi. Mtetemo wa mashine, nilijua ganzi itapita. Kiganja chenyewe kimekufa ganzi tangu mvua zilizopita."

"Na sponji ulikuwa unachaguaje?"

Akaitazama sponji nyeusi. "Rangi," akasema. "Nilikuwa naangalia rangi."

Nilikaa chini, juu ya ndoo iliyogeuzwa. Hasira zikanipanda. Mtu huyu huyu aliyenioshesha matairi! Miaka miwili anaminya-minya mbele ya wateja, anafumba jicho moja, anatikisa kichwa, mchezo wa kuigiza mtupu! Nikamwambia yote hayo, na mengine ambayo sitayaandika. Hakujibu hata moja. Nilidhani aibu imemfunga mdomo.

Kumbe hakuwa ananisikiliza. Alikuwa amekigeuza kiganja chake, anakitazama, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Mama Mkubwa wako," akasema.

"Kafanya nini?"

"Asubuhi alisema anatetemeka. Akaniambia, hebu nishike. Nikamshika paji la uso." Akakifumba kiganja. "Nikamwambia huna homa, acha kudeka."

Tuliliacha gari la mwalimu wazi, mlango wa gereji wazi, mashine imelala sakafuni na waya wake. Nyumba yao iko mtaa wa nyuma. Baba Mkubwa ana miaka sitini na nne, na siku hiyo sikumpata mpaka mlangoni kwao.

Mama Mkubwa alikuwa ameketi sakafuni ukumbini, mgongo ukutani, beseni la nguo zilizolowekwa mbele yake. Mikono yake ilikuwa bado ndani ya maji. Nikamgusa shingo; sijawahi kugusa mtu mwenye moto kiasi kile. Nikatoa simu nimwite jirani mwenye teksi.

Baba Mkubwa alikuwa ameshapiga magoti. Alikuwa ameliwekea kiganja shavu la mkewe, anakihamishia kwenye paji, anakibonyeza, anakirudisha shavuni.

"Ana moto?" akaniuliza. "Niambie wewe. Ana moto?"

Kabla sijajibu, Mama Mkubwa akafumbua macho. Meno yalikuwa yanamgongana.

"Sina homa," akasema. "Uvivu tu. Kiganja keshanipima."