Mahali pa Kuzikwa

"Umepaacha wazi tena," alisema Mzee Tinga, naibu wa chifu, akigonga fomu kwa kidole. "Mahali pa kuzikwa. Jaza."

Ilikuwa siku ya nne Pascalia kukalia benchi lile la ofisi ya chifu, Changamwe. Kazini kwake Kipevu, ambako alikuwa karani wa kampuni ya kutoa makontena bandarini, bosi alikuwa ameshachoka kumpa ruhusa.

"Mzee, nilikueleza Jumatatu. Kaka yangu hazikwi."

"Kila maiti huzikwa, mwanangu."

"Kioko amefia Kanada. Alikuwa nesi. Alisaini mwenyewe kwamba akifa, mwili wake upewe chuo cha udaktari cha hukohuko, wanafunzi wajifunzie. Chuo kinataka tu barua kuwa sisi jamaa zake hatupingi, iwe na muhuri wa serikali. Mwisho ni leo. Leo ikipita hawamchukui."

"Nami nakwambia barua ya msiba hapa ndiyo fomu hii yenyewe. Ni fomu ya kuzika. Ya kutozika hatujaletewa."

Pascalia alihesabu siku kichwani. Jumatatu walitaka picha mbili za marehemu. Jumanne, barua ya mzee wa mtaa. Jana walidai kitambulisho cha marehemu, kadi yenyewe wala si kopi, nayo kadi iko Kanada pamoja na mwenyewe, hadi alipobembeleza wakakubali kopi. Yote hayo ameyahangaikia juani, na kila akirudi anaonyeshwa nafasi ileile.

Hata mama yao hakuwa mgumu hivi. Alilia siku tatu kule Makueni, akiuliza atamlilia mwanawe kwenye kaburi gani. Kisha akakumbuka Kioko alivyokuwa akiwasimulia masomo yake, wanafunzi thelathini wamebanana kwenye maiti moja, wa nyuma wakiona visogo vya wenzao tu. Akasema kama ndivyo mwanawe alivyotaka, basi, akaomba wino akatia kidole gumba. Mama mzazi amekubali, ila karatasi imekataa. Pascalia alitamani kuichana.

"Si uandike Makueni tu, dada?" alisema Eddah, mpiga chapa, bila kuinua macho. "Ugongewe, uende zako."

"Nikiandika Makueni, chuo kitasoma kuwa tunamtaka nyumbani. Watamwacha."

"Basi hapo mimi sina la kufanya," alisema Tinga. Akatazama saa. Ilikuwa saa saba kasorobo, na wali wake ulikuwa unamngoja hotelini ng'ambo ya barabara. Akaanza kukusanya miwani na funguo.

Pascalia aliitazama ile fomu kama anavyozitazama karatasi za makontena. Pale bandarini, karatasi yenye nafasi moja wazi haipiti hata ulie machozi ya damu. Ikijaa kuanzia juu hadi chini, mgonga muhuri hana habari na kilichoandikwa. Aliona haya kuwa amechukua siku nne kukumbuka jambo analolifanya kila siku.

Akachukua kalamu. Mahali pa kuzikwa: *Hazikwi. Tumekubali apewe chuo cha udaktari, Kanada.* Tarehe ya mazishi: *Hakuna.* Msimamizi wa kaburi: *Hakuna kaburi.* Yote akayaandika kwa herufi kubwa, asije mtu akasema hakuona.

Tinga aliipitishia macho kutoka juu hadi chini, akahesabu nafasi kwa ncha ya ufunguo, akagonga muhuri mara mbili.

"Umeona sasa?" alisema. "Ungeijaza hivi tangu Jumatatu, saa hizi mngekuwa mmeshamzika."

Pascalia aliipokea, wino bado mbichi. Alipaswa kufurahi. Badala yake ghadhabu ilimpanda kwa siku nne alizolala kaka yake kwenye jokofu la watu, hana wa kumpokea.

"Hebu soma ulichogonga, mzee," alisema.

"Nimesoma yote," Tinga alisema, akivuta mlango. "Poleni sana. Mkazike salama."