Nusu Milimita

Asubuhi hiyo mchoraji alifungua faili ya kiungio cha kifundo cha mguu akitafuta kitu kingine kabisa, na kinyaa kikampanda. Mchoro wa kiungio chenyewe ulitolewa mtandaoni ukiwa na urefu wa milimita hamsini na nane, na karakana yao ya miguu ya bandia ilihitaji sitini na mbili. Mtu mwenye akili angerefusha shina peke yake, matundu akayaacha yalivyo. Huyu alikishika kizima kwenye kona kwa kipanya, akakivuta kama donge la unga mpaka urefu ukatimia. Kila kitu kikavutika pamoja nacho, na tundu la bolti ya milimita nane likawa nane na nusu.

Na huyu ni nani? Mjomba wake, nani mwingine. Kaka wa mama yake, mwenye karakana, mtu wa bora liende tangu azaliwe.

Akamfuata kwenye benchi. Mjomba wala hakukana. Alisema bolti ilicheza kidogo, kweli, ila ameizungushia selotepu ikakaza, na mteja wao, yule mama mshonaji, ameshakuja, yuko chumba cha mazoezi anaujaribu mguu wake. Selotepu iliyobaki ilikuwa juu ya benchi, imeshika nywele na vumbi. Mwanamke wa watu ashuke ngazi akitegemea uchafu ule!

"Nusu milimita itamwangusha nani?" mjomba aliuliza. "Funika kombe mwanaharamu apite. Na kabla hujanihubiria, tazama chini ya mchoro."

Akatazama. Kwenye kisanduku cha aliyekagua palikuwa na saini yake mwenyewe. Ijumaa mchoraji alikuwa ameshabeba mkoba aende nyumbani, mjomba akamletea michoro saba, naye akaisaini yote amesimama, bila kupima hata mmoja, kwa kuwa mjomba ni mjomba. Kinyaa kikamgeukia. Alijiona ananuka.

Akaenda chumba cha mazoezi. Mshonaji alikuwa ameshika vyuma vya pembeni kwa mikono miwili, jasho linamtoka, anahesabu hatua kwa sauti. Alikuwa amefika kumi na moja. Mchoraji akamsogezea kiti.

"Mama, kaa kwanza. Huo mguu una kasoro. Aliyeandika kwamba umekaguliwa ni mimi, na sikuukagua."

Mlangoni mjomba alikohoa. Mchoraji akapiga magoti na spana. Bolti ilitoka kwa vidole tu, na selotepu ikaja nayo, yenye joto, ikamganda mkononi. Alisubiri atukanwe. Angetukanwa angepata nafuu.

Mshonaji aliitazama ile selotepu.

"Nilisikia mguu unacheza," akasema. "Nikadhani ni mimi sijui kutembea."