Mada Iliyokataliwa

Kwa miaka kumi na miwili mimi, karani wa idara, niligawa mada za utafiti kwa karatasi na gundi, nikizibandika ubaoni. Wanafunzi walinijazia mlango, wengine wakilia, hadi yakanifika shingoni. Nilipoomba mfumo wa mtandaoni, mkuu wa idara, tunayemwita Mzee Faili, alinicheka mbele ya watu.

Chuo kikaukubali hata hivyo, na leo tumeufungua. Walimu wameingiza mada, wanafunzi wamechagua, na kufikia saa nne asubuhi wote mia mbili na sita wana mada na msimamizi. Mlangoni hakuna hata nzi. Nimekunywa chai yangu ikiwa bado moto!

Saa tano Mzee Faili akaingia, jasho linamtoka. "Binti, mtambo wako mbovu. Umeikataa mada yangu."

Nikamgeuzia kompyuta asome mwenyewe: mada hii imeshafanyiwa utafiti mara kumi na moja, na msimamizi ni yuleyule.

Akajifuta jasho. "Sasa nifanyeje?"

Nikamvutia kiti, nikamwonyesha kitufe kwa kidole. "Bonyeza hapa, mzee wangu. Pameandikwa 'Mada Mpya'."