Thelathini na Wanne Kila Siku

Somo lilikuwa halijaanza, na Bi Mkubwa alikuwa ameshaandika kwamba limeeleweka. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Lilikaa pale chini ya andalio la somo, kwenye nafasi ya tathmini, kwa mwandiko safi wa kalamu ya bluu: "Wanafunzi 34 kati ya 40 wameelewa. Sita watapewa msaada." Na daftari lenyewe lilikuwa mikononi mwa mkufunzi ambaye chuo kizima kilimwita Wembe.

Wembe alitazama saa yake, akatazama daftari, akatazama saa tena.

"Mwalimu, kipindi chako kinaanza saa tatu?"

"Ndiyo, Mkufunzi."

"Sasa ni saa tatu kasoro kumi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo wameelewa wakiwa njiani?"

Wembe akalamba kidole na kuanza kurudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa. "Jumatatu, thelathini na wanne. Jumanne, thelathini na wanne. Alhamisi ile ya mvua, hata mimi nilishindwa kufika, thelathini na wanne. Watoto hawa hawapati hata mafua?"

Tuseme ukweli, hakuwa peke yake. Bweni zima la wanachuo waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha lilifanya hivyo. Jumapili mchana walikaa barazani na madaftari yao, wakaandaa masomo ya wiki nzima na tathmini zake juu, ili wiki ikianza wasihangaike. Aliyemfundisha mchezo huo alikuwa Msumari, binti wa miaka ishirini na mmoja, mwembamba kama jina lake, waliyelala naye chumba kimoja.

"Usiandike arobaini, dada, watakuona mwongo," Msumari alimwambia. "Ukiandika ishirini, watasema hujui kufundisha. Wewe weka thelathini na wanne. Hiyo haina maswali."

Bi Mkubwa alikuwa na miaka arobaini na miwili. Kabla ya kuja chuoni alikuwa amefundisha darasa la tatu kwa miaka kumi na miwili bila cheti, mpaka lilipotoka agizo kwamba asiye na cheti aweke chaki chini. Mwalimu mkuu wake alikuwa mtu wa maneno machache. "Darasa lako nakushikia hadi Januari," alisema. "Januari ukija na cheti, ingia. Ukija bila cheti, karibu chai." Akianguka kwenye mazoezi ya kufundisha, angeyarudia mwaka unaofuata, na darasa lingekuwa limeshapata mtu. Ukaguzi huu wa Wembe ulikuwa wa tatu na wa mwisho.

"Fundisha," Wembe alisema, akaenda kukaa nyuma kwenye dawati la mtoto, magoti yakamfika kifuani.

Akafundisha. Somo lilikuwa kutoa kwa kukopa, pale ambapo katikati pana sifuri. Aliandika ubaoni mia nne na mbili, toa mia moja hamsini na sita. Alieleza vizuri, sauti yake ilifika hadi dirishani, watoto waliitikia kwa pamoja kila alipouliza kama wameelewa. Miaka yote kumi na miwili somo hili lilikuwa halijamsumbua. Ila kule kwake, kabla ya kugusa ubao, watoto walikaa wiki nzima wakifunga vijiti, kumi kumi, halafu mia mia, wakifungua na kufunga mpaka vidole vikazoea. Hapa alikuwa amelipokea darasa katikati ya muhula, ratiba ikasema leo ni kukopa, naye akakopa.

Mwishoni aliwapa hesabu moja: mia tano na tatu, toa mia moja sabini na nane. Wembe aliinuka kwa shida, akapita kati ya madawati mikono ikiwa mgongoni. Kisha akasimama mlangoni.

"Nakwenda darasa la pili kumwona mwenzako. Nikirudi nataka namba. Ya leo."

Bi Mkubwa aliwatoa watoto nje, akakusanya madaftari, akayahesabu. Thelathini na manane. Wawili hawakuja shule, na asubuhi hakuwa hata amegundua. Akachukua kalamu nyekundu.

Kumi na wanane walikuwa na mia tatu ishirini na tano, jibu sahihi. Kumi na wawili waliandika mia nne ishirini na tano: walikopa vizuri sana, wakasahau kumpunguza waliyemkopa. Sita waligeuza tu, wakatoa kidogo kwenye kikubwa popote kilipokaa, wakapata mia nne sabini na tano. Mmoja hakuandika kitu. Mmoja alichora gari.

Akaitazama ile kalamu. Wale kumi na wawili walikuwa wamekosea tarakimu moja tu. Mtu mwenye roho nzuri angewapa vema na kuandika pembeni "kuwa mwangalifu". Hapo wangekuwa thelathini. Wanne wa kujazia wasingekosekana. Nani angefungua daftari moja moja? Alilivuta rundo la wale kumi na wawili karibu yake. La kwanza lilikuwa la kabinti ka dawati la mbele, kenye mwandiko mkubwa kama mabango. Akajiuliza kama angekuwa kwake, darasani kwake, angekawekea vema.

"We mama, acha upuuzi," alijiambia kwa sauti, akakaandikia kosa.

Halafu akarudi kwa wale kumi na wanane na kuwapitia upya. Daftari moja akalirudisha upande wa pili. Alichora mstari juu ya tathmini ya asubuhi, bila kuifuta, na chini yake akaandika: "Waliokuwepo 38. Walioelewa 17. Ambao hawajaelewa 21. Nimeanza na ubao kabla ya vijiti."

Wembe aliporudi alisoma akiwa amesimama.

"Mimi nilipopita nilihesabu kumi na wanane."

"Majibu ni kumi na manane, Mkufunzi. Walioelewa ni kumi na saba. Huyu hapa kachungulia kwa jirani. Tazama, hakuna alipokopa popote. Jibu limeshuka kutoka mbinguni."

Wembe alilichukua daftari, akaligeuza, akalisogeza dirishani. Mabega yakaanza kumtikisika. Kwa mara ya kwanza tangu chuo kifunguliwe, kuna mtu alimwona Wembe akicheka, na bahati mbaya hakuwepo shahidi wa pili.

"Sasa nisikilize, Mwalimu," alisema akijifuta macho. "Tathmini ina alama kumi na tano. Nakupa sifuri. Umeniandikia uongo wiki tatu mfululizo."

"Sawa."

"Bila hizo unabaki na sitini na mbili. Kufaulu ni sitini. Kwa hiyo umepita, lakini umepita ukikwaruza mlango. Hiki ulichoandika sasa ningekipa alama, ila fomu yangu haina mahali pake. Hao ishirini na mmoja utawafanya nini?"

"Vijiti. Asubuhi, kabla ya kengele."

"Na tathmini za nyuma?"

"Nitaziandika upya. Madaftari ya watoto yapo, nitahesabu."

"Haya. Mwenzako naye ana thelathini na wanne," Wembe alisema akikunja fomu. "Narudi kwake. Nina swali moja dogo."

Januari, Bi Mkubwa aliingia darasani kwake akiwa na cheti kwenye bahasha, mwalimu mkuu akamkabidhi boksi la chaki bila hotuba. Ilimgharimu hivi. Alama kumi na tano, zilizomshusha kutoka daraja la pili hadi la tatu. Maandalio kumi na manne yaliyoandikwa upya kwa mkono. Asubuhi tisa za kufika shuleni saa kumi na mbili na nusu na mfuko wa vijiti, ambapo kumi na wanane waliweza na watatu wakabaki vilevile. Na siku nne za kununiwa na Msumari, ambaye swali lile dogo lilimkuta darasa la pili.