Gari Lililoombwa Msamaha

Sina ugomvi na mtu anayeusema vibaya mtandao wa Mara, mradi awe na ushahidi. Asiye nao namkasirikia palepale, na Boniphace, dereva wetu, amezoea kupunguza sauti ya redio akiniona nimeanza kupumulia pua. Kazi yangu ni kuhakikisha mtu akipiga simu Musoma, Bunda au Butiama anasikika vizuri, na akitoka kwenye waifai ya dukani akaingia barabarani, simu yake inahamia kwenye mnara bila kukatika. Waifai ni ya huyu, mnara ni wa yule, na lawama zote ni zangu mimi, Hilda.

Tunapima kwa gari. Kwenye dashibodi tumefunga simu nne ambazo hakuna anayezigusa. Zinajipigia zenyewe kutwa, na kila moja ina mwenzake aliyelala kabatini ofisini kwetu Musoma. Ile ya kabatini inapokea, inacheza sentensi iliyorekodiwa na dada mmoja mwenye sauti ya kutangaza habari, kisha kompyuta inalinganisha alichosema dada na kilichofika garini. Kikifika safi, alama zinakaribia tano. Kikifika kimechakaa, zinashuka mpaka moja.

Wiki ile tulitoka Musoma tukaenda Bunda hadi Kibara, tukarudi kwa kupitia Butiama. Simu tatu zilileta alama za kujivunia. Ya nne ilileta moja kila mahali, hata chini ya mnara wenyewe, pale ambapo ukipiga chafya inasikika Mwanza.

Bosi wangu, ambaye yuko hukohuko Mwanza, akanipigia asubuhi. "Hilda, mkoa wako umekuwa mwekundu kwenye ripoti. Kuna nini huko, nyani wanatafuna nyaya?"

Nikamwambia nyani wa huku wana kazi nyingine. Akasema anataka sababu kabla ya wiki kwisha, la sivyo atanitumia wataalamu wa kunisaidia. Kunisaidia! Nikavaa visikilizio, nikafungua sauti zilizorekodiwa na ile simu ya nne. Nilitegemea mikwaruzo. Nikasikia sauti safi kabisa ya mama mtu mzima, utadhani amekaa kwenye kiti cha pembeni.

"Mugeta, najua ni wewe. Usikate. Yani we nyamaza tu, mi nitaongea."

Nikaangalia namba. Anayeziingiza kwenye mfumo ni Brian wa makao makuu, Dar es Salaam, na Brian alikuwa amekosea tarakimu ya mwisho. Badala ya kupiga simu ya kabatini, gari letu lilikuwa linampigia mama wa watu, linamsikiliza kimya, linakata, na baada ya dakika chache linapiga tena. Kompyuta ilikuwa inatafuta sentensi ya yule dada, inakuta habari za kuku, inaandika moja.

Ningeweza kuishia hapo. Sababu ya bosi nilishaipata. Lakini nikafungua simu iliyofuata, na iliyofuata.

"Wale kuku wako wawili nilichinjaga, usinilaumu, walikuja wageni wa parokia." Katika nyingine aliiweka simu jikoni na kuniachia mwiko ukigonga sufuria, kisha akasema, "Subiri hapo, nageuza ugali." Katika nyingine aliita jirani: "Njoo umsalimie Mugeta." Jirani akaja, akalisalimia gari letu kwa heshima zote, akaliuliza kama limenenepa. Nilicheka peke yangu ofisini mpaka mlinzi akachungulia.

Halafu ikaja moja ambayo sikucheka.

"Siku ile nilisema mbele ya wajomba zako kwamba wewe hufai kuchunga hata mbuzi. Baba yako hajakauka kaburini, na mi nasema maneno hayo. Nisamehe, baba. Jumamosi ni sendofu ya dada yako Happyness, tunamuaga aende kuolewa. Nani atatoka getini kupokea wakwe? Mjomba? Watu watauliza kaka yake yuko wapi, nami nitajibu nini? Njoo tu. Sitasema kitu."

Nilimpigia Brian nikamfokea mpaka akasahau kwamba ananizidi cheo. "Pole, dada Hilda," akasema. "Si nabadilisha namba tu? Imeisha hiyo."

Ingeisha kwake. Angebadilisha tarakimu moja, ripoti ingegeuka kijani, na mama yule angebaki ameshika simu isiyolia, Jumamosi ikimkaribia, akiamini mwanawe amesikia yote na amekataa. Hilo liliniuma sana, maana simu ni zangu, gari ni letu, na kimya kile kilikuwa chetu sisi. Nikampigia mama mwenyewe kwa simu yangu, nikamwomba anielekeze nyumbani, nikamwambia Boniphace awashe gari.

Alikuwa anaitwa Sabina, na mji wake upo mbele ya Butiama kwenye njia ya Buhemba, nyumba ya bati yenye ua wa minyaa. Tulimkuta anapepeta mtama. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akatuletea viti na togwa kabla hajauliza tumefuata nini. Nilimweleza taratibu, kuanzia simu za kwenye dashibodi mpaka tarakimu ya Brian. Alinisikiliza huku anamtazama Boniphace, kama vile yeye ndiye angeleta habari yenye akili zaidi.

"Kwa hiyo si Mugeta," akasema.

"Si yeye, mama. Tunaomba radhi sana."

"Kwetu, mtoto akikosana na mama yake hafunguagi mdomo kwanza," akasema. "Anakujaga anasimama getini, kimya, mpaka mama amwongeleshe. Sasa simu inalia, mtu hasemi. Inalia tena, hasemi. Nikajua huyu amesimama getini." Akanyoosha kidole kwenye gari letu lililopaki nje ya ua. "Kumbe siku zote hizi naliomba msamaha gari?"

Boniphace akashindwa kujizuia, kicheko kikamtoka. Nilimtazama kwa jicho kali la kumnyamazisha. Lakini mama Sabina naye akacheka, akacheka mpaka ungo ukamtoka mkononi, na alipomaliza akajifuta macho kwa upande wa khanga na kuendelea kujifuta.

"Na lenyewe limenisamehe?" akamuuliza Boniphace.

"Limesamehe, mama. Tangu juzi linawaka vizuri."

Mugeta alikuwa kisiwani Rukuba, anavua. Namba yake mama alikuwa nayo kwenye karatasi, alipewa na Happyness, ila hakuwahi kuipiga wala kuilinganisha na ile iliyokuwa inamlilia. Nikamwambia basi tumpigie sasa hivi, aseme yaleyale aliyotuambia sisi.

"Maneno nimemaliza, mwanangu. Yale yalitoka mara moja tu. Nikianza upya, nitamgombeza, najijua." Akawaza. "Si mnayo kwenye mashine yenu? Mpeni hayohayo."

Kitaalamu, hilo halikuwa na kasoro. Kazi ya mfumo wetu ndiyo hiyo, kucheza sauti iliyorekodiwa kwenye simu na kuangalia kama imefika. Nikampigia Mugeta. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Nikavimba, nikaanza kumweleza mama Sabina kwamba kwa mujibu wa ripoti Rukuba inapatikana vizuri kabisa, kisha nikanyamaza katikati ya sentensi. Gari haliogelei. Alama za kisiwa kile tulikuwa tunazipima kutoka ufukweni, tukijipongeza.

Nikampigia Abednego, mwenye duka la waifai pale mwaloni Rukuba, wavuvi wanakoshushia samaki. Namba yake ninayo kwa sababu hulalamika kila siku, nami kila siku humjibu kwamba shida ni kifaa chake. Safari hii nilimwamkia vizuri mpaka akashtuka.

"Mugeta? Yupo hapa anashona nyavu," akasema. "Ngoja nimpe."

Nikasikia simu inabadilisha mikono, nikasikia kijana anasema haloo, nikamwambia nampigia kutoka kwa mama yake. Akafanya kile ambacho kila mtu hufanya akiitwa na jambo zito: akainuka na kutembea kuwakwepa wenzake, kuelekea kwenye mitumbwi, ambako Abednego huniapia kwamba mnara unashika. Simu ikakatika.

Hapo nilielewa malalamiko yote ya Abednego kwa mpigo. Simu inapotoka dukani inaing'ang'ania waifai hata ikibaki uzi, haitaki kuhamia mnarani, na ikija kuamua, mazungumzo yameshakufa. Si kifaa chake. Ni sisi tulioipangia simu iwe na subira kupita kiasi. Nilijisemea hilo litarekebishwa kabla bosi hajamaliza chai yake ya kesho, nikapiga tena.

"Abednego kaka yangu, mkalishe hapohapo dukani, juu ya kreti la soda. Asiinuke. Hata nyuki wakija, asiinuke!"

"Amekaa," akasema Abednego. "Nimemshika bega."

Nikatoa sentensi ya yule dada mtangazaji kwenye mfumo, nikaweka sauti ya mama Sabina, nikaiweka laptopu juu ya kiti katikati yetu, simu pembeni yake. Ikaanza na kuku.

"Hilo si mngeliruka," akanong'ona mama Sabina.

Sikuruka kitu. Ikaja ya ugali, ikaja ya jirani, na mama akajifunika uso kwa viganja. Ikaja ya wajomba. Aliposikia sauti yake mwenyewe ikisema nisamehe, baba, aliinamisha kichwa na kuuokota ungo, akaanza kuupepeta tena ukiwa hauna kitu ndani. Boniphace aligeuka akatazama minyaa. Mimi nilitazama skrini kwa sababu ni kazi yangu, na kwa sababu sikutaka kuonekana.

Sauti ikaisha. Upande wa Rukuba hapakuwa na neno.

"Imekatika tena," akasema Boniphace kwa unyonge.

Haikuwa imekatika. Laini ilikuwa safi, alama zilikuwa nzuri kuliko zote za wiki ile. Upepo wa ziwa ulikuwa unasikika, na ndani ya upepo mtu alikuwa anavuta pumzi na kuzirudisha. Nilitaka kusema, kaka, upo? Mama Sabina akanishika mkono nisiseme. Akaichukua simu, akaisogeza mdomoni, na sauti iliyotoka haikuwa ile ya kuomba, ilikuwa ya mama anayemtuma mtoto dukani.

"Mugeta."

Pumzi za upande wa pili zikasimama.

"Wageni wanakuja Jumamosi saa nne. Usichelewe. Na usije mikono mitupu, uje na samaki."

Tulisubiri. Mimi, ambaye kila kitu nakipima, sijui tulisubiri kwa muda gani. Kisha sauti ya kijana ikaja kutoka kisiwani, nzito, ya mtu mwenye mafua au aliyekuwa analia.

"Sato au sangara, mama?"

"Sato," akasema mama Sabina. "Wakubwa wakubwa."

Akanirudishia simu kabla haijakatwa, akasema anakwenda jikoni kuchukua chumvi, ingawa hapo uani hapakuwa na kitu cha kutia chumvi. Alikaa huko muda mrefu. Boniphace akamalizia togwa yake, akamalizia na yangu, na hakuna kati yetu aliyesema tuondoke.